Swali la Saba la Mama

Ndugu, majirani na nyote mliofanya kazi na Mama, mimi ni binti yake wa kwanza, Baba ameniomba niwasomee maisha ya Mama kwa kuwa yeye sauti imemkatika.

Mama alizaliwa tarehe 11 Mei 1978, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara hadi mwaka 1992, akamaliza sekondari mwaka 1996 na chuo cha takwimu mwaka 2000.

Tarehe 2 Julai 2001 aliajiriwa katika ofisi ya serikali inayopima ni matibabu gani kila bima ya afya ilazimishwe kulipia, chumba namba 14, meza ya dirishani, ambako kila tiba iliulizwa maswali sita, wagonjwa ni wangapi, je, inaponya, michango ya wanachama itapanda kiasi gani, na mengineyo, hadi mwaka 2015, Mama alipowang'ang'ania wakubwa wake miezi minane wakaongeza la saba: nani anabaki nyumbani na mgonjwa, na ameacha nini? Wenzake walimwita Bi Ushahidi, nasi jina hilo tulilijua vizuri, kwani hata tumbo likituuma siku ya mtihani alitaka ushahidi.

Alifunga ndoa na Baba, dereva wa malori ya masafa marefu, tarehe 14 Agosti 2004, wakajaliwa mabinti wawili, mimi mwaka 2008 na mdogo wangu mwaka 2012.

Tarehe 6 Machi 2024 alipatwa na kiharusi akiwa kazini, akapooza upande wa kulia, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, kwa sababu bima ililipia hospitali lakini haikulipia muuguzi wa kuja nyumbani. Faili la kuamua kama bima zilipie fao hilo, la muuguzi wa nyumbani, lilikuwa juu ya meza yake ofisini, akaandika barua kwa mkono wa kushoto kujitoa katika uamuzi huo, na wenzake walipokuja kumwona akawakataza kulitaja. Mimi aliniagiza niandike daftarini kila saa niliyomhudumia, kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, kumlisha, kumnyoosha vidole, kisha akasema polepole, "Usiwape wenzangu nikiwa hai, mwanangu, itaonekana najiombea."

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, jirani wa ghorofa ya juu aliyekuwa akimbeba ngazini, na ninyi wa chumba namba 14, ambao leo nawakabidhi madaftari haya matatu, kikao chenu cha kuamua fao hilo ni mwezi ujao, yasomeni kama mnavyosoma ya watu wengine. Humo sikuandika, kwa kuwa swali la saba haliulizi, kwamba tangu Jumapili kila baada ya saa mbili mikono yangu inainuka yenyewe kumtafuta, na shule naitamani sana, lakini ningempata ningemgeuza tena.

Pumzika kwa amani, Mama, lalia upande wa kushoto ulioupenda, hakuna tena wa kukugeuza.