Tembo wa Busi Wanakwama Wapi?

Mwaka wa tisini na sita, kijiwe chetu kilikuwa benchi moja nyuma ya stendi ya mabasi Kondoa, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Mwanasha. Mimi nilikuwa naziba pancha za baiskeli hapohapo, kwa hiyo sikupitwa na neno. Wenye benchi walikuwa watatu. Yahaya, muuza mitumba, tulimwita Spika, maana hakuna aliyeongea bila yeye kumruhusu. Optatus, karani wa ushirika mpaka ushirika ulipokufa, tulimwita Redio. Wa tatu ni Silvano, Bwana Shamba, aliyepunguzwa kazi mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo aliwashawishi watu kumi na wanne wa kijiji cha Busi waache kulima kipande chenye upana wa hatua mia mbili, kiunganishe msitu wa mlimani na pori la bondeni, ili tembo wapite humo wasikanyage mahindi. Misimu miwili walipita vizuri. Msimu wa tatu wakaingia mashambani, wakabomoa vihenge sita vya nafaka. Jumamosi kijiji kingekaa kuamua mapito hayo ya tembo yalimwe au yaachwe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na kahawa ya Silvano ilikuwa imepoa mkononi.

Spika: Nawapa ufafanuzi. Tembo wamezoea mahindi. Ukishaonja pilau, makande utayatazama?

Redio: Siyo hilo. Ni mashine za kusaga. Zamani ilikuwa moja, sasa kila mwenye mtaji kafunga yake. Tembo anasikia kwa nyayo, yule. Anavurugikiwa.

Spika: Hoja ya mashine naiondoa. Hawa siyo tembo wetu. Ni wageni kutoka Babati, njia hawaijui.

Mwanasha: Wamekuja na basi la saa ngapi?

Redio: Usicheke, dada. Soko huria limeingia mpaka porini. Kila tembo anajitafutia.

Tulicheka sote, isipokuwa mwenye msiba wake.

Silvano: Watu wamevunjiwa vihenge kwa neno langu. Jumamosi nitasimama niseme nini?

Hapo akaja mama mmoja na kikapu, vumbi la barabara mpaka magotini. Silvano alimfahamu: Raheli wa Busi, mmoja wa wale kumi na wanne. Aliachia ekari nzima ya mtama.

Raheli: Shikamooni, wazee.

Sote: Marahaba, mama.

Raheli: Bwana Shamba, sikuja kukulaumu. Nina swali moja tu. Tangu tuyaache yale mapito, nani ameyapita kwa miguu, mwanzo mpaka mwisho?

Silvano akaweka kikombe chini.

Silvano: Hakuna.

Raheli: Basi kesho twende.

Asubuhi tulipanda lori la kwenda mnadani, tukashukia Busi. Spika naye alikuja. Alisema hawezi kuachwa nyuma kwenye hoja nzito. Tulianzia msituni. Raheli alitangulia, akituonyesha kinyesi cha tembo, miti iliyochunwa magome, nyayo pana kama sinia. Wanyama walikuwa wakipita pale, tena juzijuzi. Kwa saa tatu njia ilikuwa wazi kabisa. Tulipovuka korongo, nyayo zikagota kwenye ukuta wa matawi ya miiba. Nyuma yake alizeti zimesimama, ekari kumi hivi. Nyayo zilizunguka palepale, zikarudi, kisha zikakata kulia kuelekea mahindi ya watu.

Silvano: Ramani yangu iliishia korongoni. Ng'ambo niliandika "pori" nikaondoka. Sikuwaza kama kuna atakayelima huku.

Redio: Mwenyewe ni nani?

Mlinzi mmoja, mtu mzima, alitoka kibandani. Akavua kofia.

— Karibu, bosi. Mbona hukutuarifu?

Alikuwa anamwambia Yahaya. Sote tukageuka. Yahaya alikuwa amelinunua lile shamba kwa dalali mwanzoni mwa msimu ule, kwa kuwa bei ya alizeti ilipanda, na siku ya kuonyeshwa alilitazama akiwa barabarani.

Spika: Wallahi sikujua. Lakini nimenunua kihalali.

Raheli: Mimi la kwangu nilirithi kihalali. Nikaliacha.

Spika: Nisipovuna, mama, duka langu linafungwa.

Raheli: Sikuambii uache lote. Nakuomba upana wa mapito, tembo wafike bondeni. Ukikataa, wanapita kwangu, na mwanangu analala shambani akilinda mahindi.

Yahaya alitembea kufuata ukuta wake wa miiba, peke yake, mpaka mwisho, akarudi.

Spika: Bwana Shamba, zipime hizo hatua mia mbili. Jumamosi nitasema mwenyewe mbele ya kijiji.

Alisema, na alizomewa kabla ya kusikilizwa. Kijiji kilikubali msimu mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba mapito yakaguliwe kila mwezi na nyayo ziandikwe. Kazi hiyo walipewa Raheli na Silvano. Serikali haikumlipa Silvano hata senti, lakini hakukosa mwezi.

Msimu uliofuata Silvano alikuja kijiweni na daftari. Tembo kumi na mmoja, mmoja bado ananyonya, walikuwa wametoka mlimani na kufika bondeni. Kihenge hata kimoja hakikuguswa. Ila walipotoka korongoni walichepuka kidogo, wakala mistari minne ya alizeti za Yahaya. Tulimtazama Spika, tukisubiri hotuba.

Spika: Pale kwenye kona, njia ni nyembamba. Mwakani nausogeza mpaka wangu nyuma hatua ishirini. Mwanasha, mmiminie Bwana Shamba kahawa ya moto, atuambie huyo mdogo alivukaje korongo.