Bado Inatembea: Marehemu Tomasi Lukwele na Kanda Sita za Wataa

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, majirani mliopanda na ukungu huu tangu alfajiri: asanteni kwa miguu yenu, na poleni. Wasifu huu utapinda kidogo hapa na pale. Njia ya kuja Mgeta nayo inapinda, na bado imetufikisha.

Marehemu Tomasi Lukwele alizaliwa tarehe 7 Machi 1952 hapa Nyandira, mtoto wa pili wa mzee Gaspari Lukwele na mama Yuliana, ambao wote wametangulia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alikuwa mtoto mkimya. Dada yake Theresia, aliyeketi hapa mbele, anasimulia kwamba ukimtuma Tomasi maji, utachoka kungoja. Ukimfuata mtoni unamkuta ameinamia ndoo, anasikiliza jinsi maji yanavyobadili sauti ndoo ikikaribia kujaa. Alichapwa kwa jambo hilo na hakuliacha.

Alianza shule ya misheni mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Hesabu zilimkubali, kuimba kulimkataa. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza mara moja tu, akamwambia, "Tomasi mwanangu, wewe utatusaidia mlangoni. Ufungue, ufunge." Hakuona uchungu. Ukubwani alikuwa akisema mwalimu yule alimpa mahali pazuri kuliko wote, maana sauti za kwaya nzima hukutana mlangoni zikitoka.

Mwaka 1974 marehemu alizunguka mlima akateremkia upande wa pili, Mkuyuni, akaajiriwa kwenye mashine ya kusaga ya hayati mzee Abdulswamad. Mmoja alikuwa Mwislamu, mwingine Mkristo. Ijumaa adhuhuri mashine ilinyamaza kwa ajili ya mzee, Jumapili ikanyamaza kwa ajili ya Tomasi, na akina mama wa Mkuyuni walijua siku za kuleta mahindi. Mliowahi kuingia kwenye mashine ya dizeli mnajua kelele yake. Humo ndani watu hawasemezani, wanasomana midomo. Mama akiwa ng'ambo ya pili anasema, "Usilainishe sana, ni wa pombe," na Tomasi anamjibu kwa nyusi. Alikaa katika kelele ile miaka ishirini na mitano, ikampa riziki, na polepole ikachukua masikio. Hakumlaumu mtu. Jambo hili la midomo mlishike, tutalirudia.

Tarehe 18 Oktoba 1980, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Felista, binti wa Mgeta hapahapa. Ndugu wa bibi harusi, Petro, dereva wa lori la mboga ambaye wengi mmepanda naye juu ya kabichi kwenda Dar, alisimama ukumbini akasema, "Shemeji, tunakushukuru. Dada yangu amepata mtu wa kumsikiliza, maana sisi nyumbani tumechoka." Watu walicheka, na ilikuwa kweli. Felista alikuwa msemaji, Tomasi msikilizaji. Mungu aliwajalia watoto watatu: Faraja mwaka 1981, Ester mwaka 1984, na Paulo mwaka 1989.

Mwaka ule aliozaliwa Ester alifika Mkuyuni fundi mmoja Mwingereza, bwana Allen, kutandaza mabomba ya maji. Alipanga chumba jirani na mashine, na jioni alipiga redio kaseti yake. Tomasi alisimama mlangoni, kama alivyofundishwa. Wapigaji walikuwa vijana wa mji fulani wa bandari huko Uingereza, na jina la bendi yao kwa Kiswahili lingekuwa Taa za Gatini. Kwenye kasha la kila kanda palichorwa taa ya barabarani, basi Mkuyuni wakaitwa Wataa. Walitoa albamu sita, kisha wakaachana. Bwana Allen alikuwa na tatu za mwanzo, na mkataba wake ulipokwisha alimwachia Tomasi kanda hizo pamoja na redio. Kabla ya kupanda gari alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Tomasi, hii muziki inaitwa wimbi jipya."

Sasa, Tomasi alikuwa na redio ndogo ya zamani yenye swichi ya mawimbi. Mawimbi ya kati aliyajua, mawimbi mafupi aliyajua. Hili jipya hakuwahi kulisikia. Jumapili moja alipanda nayo hadi kileleni, akazungusha kitufe mpaka betri zikalala. Akaenda mjini Morogoro kwa fundi redio.

"Shikamoo fundi. Naomba unifungulie na wimbi jipya."

Fundi, aliyekuwa mzee mwenye adabu na asiyependa kuonekana hajui, aliifungua redio, akachungulia ndani kwa muda, akaifunga. "Marahaba. Hilo bado halijaletwa," akasema. "Pitia mwakani."

Na mwakani alipita.

Marehemu alizisikiliza kanda zake kwa taratibu moja, kwanza ya kwanza, kisha ya pili, na hakuna kuruka. Alisema mtu haingii nyumba ya watu kupitia dirishani. Albamu ya kwanza, alisema, ni vijana wanaokimbia mvua. Katika ya pili wamempata mpiga kinanda na hawawezi kumnyamazisha. Ya tatu hakuwa na la kusema juu yake. Ni ya polepole, ina baridi, na ngoma yake inagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Tarehe 2 Agosti 1987 Faraja alifariki kwa surua, akiwa na umri wa miaka sita. Alizikwa hapahapa, kaburi lile dogo mnaloliona pembeni. Jioni ya maziko, watu walipoondoka, Tomasi alitoa nje redio aliyokuja nayo toka Mkuyuni, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akapiga kanda ya tatu. Felista alitoka ndani na kanga ya msiba kichwani.

"Baba Faraja, mtoto hajalala hata usiku mmoja kaburini, na wewe unapiga muziki?"

Tomasi aliweka kiganja juu ya redio, hakuizima.

"Haya. Mimi mbele ya redio hiyo sikai tena mpaka mmoja wetu azikwe."

Tangu siku ile akaacha kumwita Baba Faraja. Akamwita Baba Ester. Waliishi vizuri, walilima pamoja, walisali pamoja, hakuna aliyesikia ugomvi nyumbani kwao. Lakini redio ilihamia kwenye banda la mbuzi, na Tomasi akabaki na jambo moja moyoni ambalo aliwaambia watu wachache sana: kwamba siku moja mkewe akae naye, wasikilize kanda zile tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, ili ajue alichokuwa akikisema jioni ile.

Kanda ya nne na ya tano zilikuja kwa lori, Petro akizitafuta Kariakoo kila aliposhusha mboga. Ya nne ina tarumbeta na inachezeka, hata vijana wa hapa waliicheza kwenye kipaimara. Tomasi aliipokea kwa adabu tu. "Hii wameimba ili wapendwe," alisema. Ya tano, ambayo inasemekana hata kwao haikununuliwa, ndiyo aliyoipenda. Redio iliitafuna siku moja, akaikata na kuiunga kwa gundi, akairudisha kwa kalamu ya risasi, na kikapotea kipande cha wimbo. Kila ilipofika pale marehemu alikijazia kwa mluzi. Alipiga mluzi vibaya, tuseme ukweli mbele ya Mungu.

Mwaka 1999 alirudi Nyandira akalima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta ya baba yake. Petro alikuwa akimtania, "Mbuzi wa shemeji wanajua Kiingereza kuliko sisi wote. Wanakosa cheti tu." Marehemu alijibu kwamba mbuzi angalau hawaondoki katikati ya wimbo.

Sista Brenda, binti wa hapa tunayemfahamu wote, alipokwenda masomoni Ulaya ndiye aliyegundua kuwa iko albamu ya sita. Aliingia duka la vitu vya zamani na shela lake kichwani, akauliza, na mwenye duka akamtazama mara mbili. Alirudi nayo mwaka 2018. Siku hiyohiyo akamweleza marehemu kwa upole kwamba wimbi jipya ni jina la mtindo wa muziki tu, wala halipatikani kwenye redio. Marehemu alimsoma midomo mpaka mwisho. "Sawa, Sista," akasema. "Ila wewe hukupanda kule kileleni."

Maana wakati huo sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa njiani. Kanda ya sita hakuifungua. Alisema akiisikiliza kwa masikio yale ataisikia nusu, na nusu ya neno la mtu ni kumsingizia. Akaiweka kwenye kabati la vyombo la mkewe, nyuma ya vikombe vya wageni. Kufikia mwaka 2022 hakusikia tena chochote, hata kengele ya kanisa.

Oktoba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Alilazwa mjini Morogoro, ikaonekana moyo umepanuka, akarudishwa nyumbani na dawa. Ester alikuja kumuuguza. Siku moja alimkuta mama yake amesimama mbele ya kabati, mkononi ana kikombe cha wageni na hamimini kitu.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta namna ya kutengua kiapo changu."

Alikwenda kwa Baba Paroko, aliyepo hapa na ametupa ruhusa kulisema. Baba alimwambia, "Mama, maneno ya siku ya msiba Mungu hayaandiki." Basi Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya misa, Felista aliingia banda la mbuzi, akatoa redio, akaifuta kwa kanga, akaiweka juu ya stuli kando ya kitanda. Paulo alikuwa ameibadilishia mpira wa ndani unaozungusha kanda. Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya spika. Akakaa mbele yake, uso kwa uso, ili amsome midomo.

Akaanza na ya kwanza.

"Hawa mbona wana haraka? Wamechelewa lori?"

Marehemu alicheka mpaka Ester akaja mbio na dawa.

Hivyo ndivyo Tomasi alivyozisikiliza tena kanda zake, kwa kiganja chake na kwa midomo ya mkewe. Hawakufululiza. Moyo ulipokataa walipumzika hata majuma mawili. Kwenye ya pili Felista alimsema mpiga kinanda kwa urefu. Kwenye ya tatu alisema maneno machache mwanzoni, kisha akanyamaza, na upande mzima ukapita. Ester alikuwa mlangoni na ndiye aliyetusimulia.

"Baba Faraja," mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi. "Siku ile hukuwa unapiga muziki."

"Hapana."

"Ulikuwa unalia."

"Mimi sikujua kulia kwa sauti," marehemu alisema. "Nikaazima yao."

Felista aliuvuta ule mkono kwenye spika, akauweka shavuni kwake, kanda ikatembea peke yake mpaka ikajizima.

Ya sita waliifungua Jumatatu ya Pasaka mwaka huu wa 2025. Felista alimwambia kila alichosikia, kwamba sauti ya mwimbaji imezeeka, kwamba wamepunguza vyombo, kwamba ni kama watu wanaokunja mikeka baada ya harusi. Wimbo wa mwisho ukafika mwisho. Felista akanyoosha kidole kuizima.

"Imekwisha, Baba Faraja."

Marehemu alikishika kile kidole. Kiganja chake kingine kilikuwa bado juu ya redio.

"Bado inatembea," akasema.

Alikuwa anausikia mzunguko wa magurudumu chini ya kiganja. Wakakaa. Ukimya ule ulikuwa mrefu, Ester alidhani baba amelala. Kisha Felista akainua nyusi.

"Kuna mtu humu anapiga mluzi."

"Anapiga vizuri?"

"Anapiga kama wewe. Vibaya."

Tomasi alifumba macho, akatabasamu, akasema neno ambalo familia imeliomba liandikwe: "Basi nimelipata lile wimbi jipya, mke wangu. Kumbe lilishaletwa."

Marehemu Tomasi Lukwele alifariki dunia nyumbani kwake Nyandira siku ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa kumi jioni, baada ya kupokea sakramenti ya wagonjwa. Jirani mmoja alisema kwa huruma, "Mama, amekwisha." Felista alikuwa amemwekea kiganja kifuani. Alijibu, "Ngojeni kidogo," na watu wakangoja, mpaka alipoinua mkono mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, Felista, watoto wawili, Ester na Paulo, wajukuu wanne, dada yake Theresia, shemeji yake Petro, na mbuzi ambao Petro ameomba watajwe kwa sababu ya elimu yao. Amemtangulia Felista kwenda kwa mtoto wao Faraja, naye leo analazwa kando yake.

Mama Faraja ana ombi moja. Udongo ukishasawazishwa na maua yakishawekwa, tusigeuke mara moja kwenda kwenye chakula. Hautapigwa muziki wowote. Tusimame tu kidogo, kimya. Mtoto akiuliza tunangoja nini, ajibiwe kwa midomo bila sauti, kama walivyokuwa wakisemezana mashineni: bado inatembea.

Bwana ampumzishe Tomasi kwa amani, na amrudishie masikio yake.