Mama Talaka Anatuaga

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Daktari Mkuu, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wa viti vya nyuma ambao macho yenu yameshafika kwenye meza ya soda: salamu zenu. Mimi ni seremala wa hapa, shule niliishia darasa la nne, na nimepewa nafasi ya kumuaga binti huyu wa kompyuta kwa sababu, nadhani, wenye elimu waliogopa kulia mbele za watu.

Mnajua tulimwita nani. Mama Talaka. Alipofika aliikuta mifumo yetu, wa mapokezi, wa maabara na wa dawa, kila mmoja kwenye mashine yake, lakini yote ikiendeshwa kwa akaunti moja, akaunti ya mkuu, inayofungua kila kitu. Akaitenganisha. Kila mfumo akaunti yake, na hakuna unaogusa cha mwenzake bila ruhusa. Mlimshukuru? Nyinyi? Siku majibu ya damu yalipogoma kuwafikia madaktari, kwa kuwa ruhusa moja ilisahaulika, Daktari Mkuu alishuka ngazi mwenyewe.

"Binti, hiyo maabara ipe akaunti ya mkuu, tufanye kazi."

"Nitaipa inachohitaji, Daktari. Ya mkuu, hapana."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mtu anayetaka majibu. Kaa hapo, yanakuja."

Akakaa. Kwenye kiti nilichokitengeneza mimi, ndiyo maana hakuanguka.

Kisha akaja yule mhalifu wa mitandaoni. Alipenya kupitia mfumo wa mapokezi, ule unaopokea maombi ya miadi kutoka nje, akaivuruga miadi yote. Mimi, niliyekuwa na miadi ya magoti, nikapangiwa kliniki ya wajawazito, na muuguzi mmoja, namwona anajificha pale, akaniuliza, "Babu, mimba ina miezi mingapi?" Tulicheka sana. Lakini wiki ile mama watoto wangu alikuwa amelazwa wodi ya pili, moyo unamsumbua, na kiasi cha dawa yake kilikuwa kwenye mfumo wa dawa. Mhalifu alijaribu kuingia huko pia. Nyayo zake zilionekana. Mkononi alikuwa na akaunti ya mapokezi tu, mlango ukamkatalia. Je, ingekuwa bado ile akaunti moja, mama yule angekuwa ameketi pale mbele leo, na gauni jipya, akinikonyeza nifupishe maneno?

Sasa, Mheshimiwa, nina neno na wewe. Kuna mnong'ono kwamba binti yetu akishaondoka, akaunti zitaunganishwa tena, eti kazi iwe nyepesi. Wanaonong'ona wamekutaja wewe. Saa ya ukutani tuliyomnunulia ataipokea kwa adabu, ingawa hana pa kuitundika. Zawadi anayoitaka hasa iko mdomoni mwako: kwamba akaunti zitabaki zimetengana, hata siku mfumo utakapogoma, hata siku mwenye haraka utakapokuwa wewe.

Maikrofoni hii hapa, Mheshimiwa, pokea. Mimi nasimama kando, na magoti yangu unayajua, kwa hiyo usinicheleweshe. Nyinyi wengine nawashukuru kwa masikio yenu. Soda haziguswi mpaka ajibu.