Providence Nkeshimana, Katibu Aliyekataa Picha za Barua

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kuanzia Uvira hadi bonde la Ruzizi, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi ya ofisi kwa masikio. Jina lake Providence Nkeshimana. Alizaliwa Bwegera, kwenye mashamba ya mpunga. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya kuugua figo, akiwa na miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa katibu wa chama cha akina mama wachuuzi wa Kavimvira. Na kwa miaka hiyo yote alikuwa kipofu. Katibu, tena kipofu. Wako watu ambao mpaka leo maneno hayo mawili hayawaingii kichwani pamoja.

Macho yalimwacha akiwa na miaka ishirini na tisa. Alilia mwaka mzima, kisha akachoka kulia. Akavuka mpaka, akakaa Bujumbura miezi minane, akajifunza kutumia kompyuta yenye programu inayosoma skrini kwa sauti. Vidole kwenye kibodi, sauti masikioni.

Mume wake, Itangishaka, anakumbuka majuma ya kwanza aliporudi nyumbani. Providence alifungua kivinjari ili aandike barua. Kila alipobonyeza herufi, haikuandikwa. Mashini iliruka tu kutoka kichwa kimoja cha ukurasa hadi kingine. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akagundua kwamba programu ile ina hali mbili, ya kusoma na ya kuandika, na ni wewe unayepaswa kuiambia unataka ipi.

"Tangu siku ile," anasema Itangishaka, "minye nikisema naye bila kumusikiliza, alikuwa ananiuliza: weye uko mu hali gani, ya kusoma ao ya kuandika?"

Wasikilizaji wapendwa, kurasa nyingi za mtandao zimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kufikiri kwamba kuna asiyeona. Providence alifungua ukurasa, mashini ikasema: bouton. Akasonga mbele: bouton. Tena: bouton. Vitufe kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja chenye jina. Yeye alisema ni kama kuingia nyumba ya watu yenye milango kumi na mmoja: nyuma ya mmoja kuna chakula, nyuma ya mwingine kuna mbwa, na mwenye nyumba hasemi kitu.

Lakini hayo aliyazoea. Kilichomchosha mpaka mwisho ni cachet, yaani muhuri wa ofisi.

Kwetu sisi, barua isiyo na cachet si barua. Basi ofisi inaandika barua kwenye kompyuta, kwa herufi safi ambazo mashini ya Providence ingezisoma bila taabu. Inaitoa kwenye karatasi. Chef, yaani mkuu wa ofisi, anatia sahihi, anagonga cachet. Halafu mtu anatoa simu, anaipiga picha ile karatasi, na kutuma picha. Angalieni safari hiyo. Maneno yalikuwapo, yakauawa njiani. Yanapofika kwa kipofu, mashini inasema neno moja tu: graphique. Yaani picha. Picha ya nini? Mashini haijui.

Mwezi wa sita mwaka 2019, ofisi ya soko lao ilituma barua ya namna hiyo. Providence aliifungua. Graphique. Sanduku la barua-pepe la chama lilikuwa limejaa picha: mialiko ya harusi, maua ya kumtakia mtu siku njema, matangazo ya sabuni. Hata hivyo hakuipuuza. Alijibu akiuliza ndani kuna nini. Hakupata jibu. Akapiga simu. Msichana wa mapokezi akamwambia asome tu, kila kitu kimeandikwa mle.

Siku ya tisa, Mama Asha, rais wa chama, alirudi kutoka sokoni akitweta. Meza za jumba jipya la soko zilikuwa zimegawanywa, na chama chao hakimo. Ile barua ya picha ilidai majina ya wanachama yajazwe kwenye jedwali la mtandaoni kabla ya siku saba kwisha. Meza hamsini na nane zilikuwa zimepotea. Hamsini na nane. Akina mama walirudi kutandika chini, kwenye tope. Wengine walisema waziwazi kwamba chama kilichochagua kipofu kimejipofusha.

Kesho yake Providence na Mama Asha walikwenda ofisini. Chef aliitwa Thaddée. Aliwaambia kwamba barua ilitumwa, na aliyeipuuza alaumiwe mwenyewe. Providence hakubishana. Aliweka kompyuta mezani, akaanza kubonyeza. Skrini ilikuwa nyeusi tii.

"Mama, mashini yako iko imezimika," alisema Thaddée.

"Hapana, Chef. Nilizima mwangaza juu ya kulinda batterie. Umeme ya hapa unaijua."

"Na unasoma mu kiyoo nyeusi?"

"Minye sisomake na macho, Chef."

Akaongeza sauti. Akafungua barua ile ile. Chumba kizima kikasikia: graphique. Akabonyeza tena. Graphique. Thaddée alisogeza kichwa karibu, kana kwamba mashini ingemwonea haya na kusema zaidi. Akasema kwamba hata hivyo cachet ipo, na ni halali.

"Cachet yenu ninaiheshimu," alisema Providence. "Lakini haina mudomo. Munipe maneno, minye nitawapa majina."

Thaddée akawasomea barua, akawapa mpaka saa sita mchana ya siku iliyofuata wajaze majina.

Asubuhi hiyo Providence alianza kazi saa kumi na mbili. Jedwali lilikuwa wazi kwa yeyote aliyepewa anwani yake, na wanachama kadhaa waliingia kutoka kwenye simu zao ili wamsaidie. Kila aliyeingia, mashini ilimtangaza. Kila aliyetoka, ilimtangaza. Jina alilokuwa akiliandika lilikatwa katikati. Alimwambia Mama Asha kwa upole wa kutisha kwamba msaada mwingine kama huo utawamaliza. Mama Asha akapiga simu kwa kila mmoja akimwambia atoe mikono. Saa tano na nusu, majina hamsini na nane yalikuwa ndani. Meza zilirudi.

Jumapili chama kilikutana. Walipendekeza mtu mwenye macho apewe sanduku la barua, na Providence abaki na cheo tu. Alikataa. Mama Asha anakumbuka maneno yake: "Mukiweka mwenye kuona, barua zitasomwa. Na ofisi haitajua hata siku moja kama inakosea." Walimwacha kazini.

Je, ofisi ilibadilika? Kwa miezi mitatu ilituma maneno pamoja na picha. Kisha ikarudia picha. Providence akarudia kuwapigia simu. Ikabadilika tena, ikarudia tena. Hivyo, mwaka baada ya mwaka. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa kitandani hospitalini.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Itangishaka na watoto wake watatu. Tunawapa pole ndugu wa Bwegera, Mama Asha, na akina mama wote wa Kavimvira. Mungu ampumzishe Providence pema.

Na tutafakari, kila mmoja wetu anayetuma barua. Chama kina katibu mpya, dada Délice, mchapakazi, mwenye macho mazima. Jumatatu barua ya ofisi iliingia. Picha, na cachet katikati. Délice aliisoma papo hapo, akaijibu, kazi ikaisha. Hakuna aliyelalamika. Huko ofisini watasema tatizo limekwisha. Tatizo liko palepale. Aliyekuwa akilisema ndiye aliyenyamaza.