Nilifunga Siku Tatu, Tarumbeta Likagoma

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mlioanza kucheka huko nyuma kabla sijafungua mdomo, nawaona, ila leo nawasamehe, maana kisa chenyewe ni cha kuchekwa.

Mimi ni Zakaria, mpiga tarumbeta wa usharika wetu hapa Kisarawe. Wengine wameshuhudia jinsi Mungu alivyowaokoa na pombe, na mzee mmoja na mamba wa Ruvu. Mimi Mungu aliniokoa na sifa, na uvivu uliokuja na sifa hizo.

Mmishenari alipotugawia matarumbeta, nilijifunza upesi kuliko wenzangu wote. Wiki mbili tu, nikapiga wimbo mzima. Watu wakasema, "Huyu amezaliwa nalo." Nami nikaamini! Nikaalikwa arusini Gwata, nikaalikwa Ruvu, nikala kuku wa watu. Mazoezi ya Jumatano nikawaachia wale niliowaita wazito. Tarumbeta langu likalala darini ndani ya kanga kuukuu, likishushwa siku za sikukuu tu. Sauti ikawa inapungua mwaka hadi mwaka, nami nikasingizia mvua, nikasingizia kifua, nikamsingizia hata mwenzangu Yoeli kwamba anasimama karibu mno.

Mwanzoni mwa Kwaresima mama yangu akaugua. Siku moja akanishika mkono, akasema, "Zakaria mwanangu, mtakapokuja makaburini asubuhi ya Pasaka, unipigie wewe mwenyewe." Wiki tatu kabla ya Pasaka akafariki.

Desturi yetu mnaijua. Alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, matarumbeta yakitangulia, tukawatangazie waliolala kwamba Bwana amefufuka. Na kaburi jipya hupigiwa peke yake, na mtu wa nyumba ile kama yupo anayejua kupiga. Kwetu alikuwapo. Naye ni mimi.

Alhamisi Kuu nikalishusha tarumbeta, nikapuliza. Likalia kama mbuzi aliyekabwa koo. Mtu mwenye akili angeanza mazoezi saa ileile. Mimi, ndugu zangu, nikaamua kufunga! Nikamwambia Mungu, "Bwana, wewe ndiwe uliyenipa kipaji, sasa kirudishe." Siku tatu sikula, na maji nikayaonja tu. Mke wangu akanisihi, "Baba Samweli, kunywa hata uji. Utapuliza kwa pumzi gani?" Nikamwona ana imani haba.

Basi alfajiri ikafika. Nimesimama mbele ya kaburi la mama, midomo imekauka na kupasuka kwa njaa na kiu. Nikapuliza, ukatoka upepo. Nikapuliza tena, upepo. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Ndipo Yoeli akasogea taratibu, akampigia mama yangu, na akampigia vizuri. Nililia, na sikulia kwa ajili ya msiba peke yake. Niliona aibu mpaka leo nikiieleza masikio yanapata moto.

Nyumbani nikatangaza kwamba Mungu ameniacha, na tarumbeta nitalirudisha. Jirani yetu Bi Mwanaidi alikuwa ametuletea mihogo ya sikukuu, kama tunavyompelekea sisi wakati wa Idi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Jirani, kabla ya kufunga huko, mara ya mwisho ulipiga lini?"

Nikasema, "Krismasi."

"Mimi naswali mara tano kila siku," akasema, "tangu nikiwa mwari. Kuna siku nina homa, kuna siku sina hata hamu. Naswali. Umewahi kuniona nimekaa miezi mitupu, halafu nikaja kumbana Mwenyezi Mungu kwa siku tatu? Alfajiri nikitia udhu uani kwangu nakusikia unavyokoroma. Amka upulize."

Ndugu zangu, nawaambia kweli, Mungu alisema nami kwa kinywa cha jirani yule!

Kesho yake nikaenda kwa Yoeli, niliyemwita mzito, nikamwomba anifundishe. Hakunicheka. Akaniambia, "Usipige wimbo. Piga sauti moja tu, ndefu, mpaka isitikisike. Kesho hivyohivyo." Miezi mitatu nikapiga sauti moja! Kila alfajiri, kabla ya kwenda shamba. Mke wangu akawa ananitania, "Leo mbuzi wako amepata nafuu kidogo." Na siku niliyolala, Bi Mwanaidi alibisha hodi akiuliza kama nimesafiri au nimekufa.

Nikajifunza jambo ambalo sifa zilinificha. Siku nilizoamka na furaha zilikuwa chache. Nyingi nilipuliza nikiwa na usingizi, nikinuna, na siku hizohizo ndizo zilizonijenga. Halafu neema ikavuka mipaka: nikawa nafika shamba mapema, nikaacha kusingizia watu, nikaanza kusikiliza wenzangu wanavyopiga. Kumbe Yoeli ana sauti tamu hivyo, na miaka yote nimesimama karibu naye nisiisikie!

Pasaka iliyofuata nilikunywa mabakuli mawili ya uji. Pale kaburini nikavuta pumzi, nikampigia mama yangu. Sauti haikutikisika, ndugu zangu. Haikutikisika hata kidogo! Ubeti wa pili nikamwashiria Yoeli, tukapiga pamoja, na furaha niliyoipata sikuwahi kuipata katika arusi yoyote.

Nikarudi mbio hadi kwa Bi Mwanaidi, nimevimba kifua, nikingoja kusifiwa. Alikuwa anamenya mihogo. Akasema, "Nimesikia. Na kesho?"

Kesho yake nilipuliza. Na leo pia, kabla ya kuja hapa.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia, namshukuru Yoeli, namshukuru jirani yangu. Na wewe uliyeambiwa tangu utotoni kwamba unajua kuimba, au kushona, au kufundisha, ukaketi juu ya sifa hizo kama nilivyoketi mimi, mtumaini Bwana, uamke uanze. Anza vibaya hivyohivyo. Ukidhani uko peke yako alfajiri ile, tega sikio upande wa nyumbani kwangu.