Danguolė Aliumwa, Nasi Tukamwita Mvivu

"Elzė, mdogo wako yuko wapi? Kijiji kizima kipo hapa kinavuna viazi vya mama yenu, yeye tu hayupo!" Jirani yetu Bronė aliniuliza hivyo Septemba 2011. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Yuko kitandani. Huyo siku hizi kazi yake ni kulala." Watu wakacheka. Naanza na hilo kwa sababu marehemu alilisikia.

Danguolė alizaliwa hapa Šilagiris tarehe 11 Machi 1970, mtoto wa pili wa Kazys na Marcelė. Alisoma madarasa manane hapahapa kijijini. Kwa hesabu aliniacha mbali.

Mwaka 1989 aliajiriwa posta, akipeleka barua kwa baiskeli. Mfukoni hakukosa vipande vya mkate vya kuwapa mbwa. Mzee Petras alimwambia, "Mbwa wangu unamlisha, mimi je?" Akamjibu, "Wewe acha kwanza kubweka, mzee wangu."

Alifunga ndoa na Rimas tarehe 19 Juni 1993, Mungu akawajalia Ugnė na Tadas.

Julai 2008 tulikwenda msituni kuchuma matunda, akarudi na kupe nyuma ya goti. Rimas alileta kibano amng'oe. Nilimkataza. Nikampaka yule kupe siagi, kama mama alivyokuwa akitufanyia, tukangoja adondoke mwenyewe hadi kesho yake. Baada ya wiki likatokea duara jekundu, likawa linapanuka. Nikasema ni joto tu. Kisha magoti yakavimba, akawa anasahau nyumba za watu, akaacha posta. Daktari mmoja alisema ni neva, mwingine akasema ni umri. Mimi nilisema ni uvivu. Hata rozari nilisali ili auache.

Machi 2017 daktari wa Vilnius alimuuliza, "Uliwahi kuona duara jekundu mwilini?" Danguolė akanigeukia. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakakuta ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Alitundikiwa dripu za dawa siku ishirini na nane. Uvimbe ulipungua, akaweza tena kukanda unga wa mkate, ila nguvu zake za zamani hazikurudi zote. Karibu miaka tisa ilikuwa imeshapita.

Alifariki kwa nimonia tarehe 6 Oktoba 2024, Rimas akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu wake Liepa, na mimi dada yake. Bwana ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima hata kitandani kwake.

Nilipomwomba msamaha hospitalini, siku zile za dripu, alisema: "Dada, mimi nilishakusamehe. Ila wale uliowaambia mimi ni mvivu, waambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba nilikuwa naumwa."