Bi Bhanumathi na Bawabu wa Kompyuta Zetu

Tarehe 31 Mei, Bi Bhanumathi anastaafu, baada ya kuitunza maabara ya kompyuta ya chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Kompyuta zetu hubeba mifumo miwili: ule wa kununuliwa, unaotumiwa na ofisi ya hesabu, na Linux, ule wa bure, wa walimu na wanafunzi. Mashine ikiwashwa, programu ndogo hutangulia kuamka, mithili ya bawabu, na kuuliza unaingia mlango upi. Mabawabu wako wengi, na Bi Bhanumathi aliwajaribu mmoja mmoja, kama mtu anayeonja achari sokoni. Mmoja alikuwa na picha za kupendeza, ila kila Linux ilipoboreshwa alipotea njia. Hatimaye akamchagua GRUB. Hana sura, lakini huitambua mifumo yote iliyomo.

Mwaka mmoja, kuelekea Puja, sikukuu ya kubariki vitabu na zana za kazi, Bwana Sukumaran wa hesabu alitaka mashine ziingie sikukuu zikiwa safi. Akasakinisha upya mfumo wake, nao ukamfukuza bawabu. Linux haikuonekana tena, na ndani yake ilikuwamo kamusi ya maneno ya wafinyanzi, kazi ya miaka mingi ya Mwalimu Kuttappan. Nakala nyingine hakuwa nayo. Wakati huo mashine zilikwisha kuvishwa mashada, na zana iliyowekwa mbele ya sanamu ya mungu Saraswati haiguswi hadi asubuhi ya Vijayadashami, siku ya mwisho ya sikukuu.

“Dada, iwashe kidogo tu. Mungu wa elimu atakasirika kweli?”

“Hilo silijui, Mwalimu. Ila atauliza kwa nini msomi kama wewe una nakala moja!”

“Nicheke au nilie?”

“Kunywa chai. Nadhani aliyefukuzwa ni bawabu tu. Nyumba bado ipo.”

Nadhani! Mwalimu hakupata usingizi kwa neno hilo.

Asubuhi ya Vijayadashami, Bi Bhanumathi aliondoa mashada, akaiamsha mashine kwa diski ya nje, akamrudisha GRUB kazini. Milango miwili ikatokea. Kamusi ilikuwa nzima. Siku hiyo desturi yetu ni kuandika herufi kwenye mchele. Mwalimu Kuttappan aliketi akaandika neno lililofuata la kamusi yake, huku Bwana Sukumaran akimshikia kikombe cha chai.

Kamusi hiyo sasa imo maktabani. Asante, Bi Bhanumathi, kwa kuujua mlango na kuiheshimu sikukuu. Nenda na afya njema, na udadisi wako usistaafu.